Kibao cha Mlangoni kwa Dovie

Mbele ya duka la vyakula vya mifugo na vifaa vya shambani, pale Cutler's Gap katika milima ya Tennessee, kuna benchi la mwaloni lililokuwa la kanisani. Wabaptisti walipopata viti vyenye mito walilitupa nje, na wanaume watatu wakaliokota. Hapo hunywa kahawa asubuhi na kuiongoza nchi. Wa kwanza ni Buford Crowe, aitwaye Wakili kwa sababu aliwahi kuitwa mahakamani kusikiliza kesi ya ng'ombe. Wa pili ni Elbert Stroud, Sajini, aliyekuwa mpishi jeshini. Wa tatu ni Harlan Teague, ambaye ni shemasi kweli, na huitwa Shemasi tu. Asubuhi ile Shemasi alikuja na jambo moyoni. Binti yake, Tansy, anahudumu kwenye baa ya Dovie, na Jumamosi iliyopita bastola ya mteja ilichomoka kiunoni ikadondoka chini ya kiti. Tansy aliisukuma kwa ufagio kama panya aliyekufa. Dovie naye ameshaandika kibao cha kukataza silaha, ila hajakitundika, wala skrubu hajanunua. Anangoja asikie benchi linasemaje.

— Sheria iko wazi, alisema Wakili. Mwenye kibali anaingia baa na bastola yake, ila pombe haigusi. Na mwenye baa asiyetaka, anaweka kibao mlangoni. Basi.

— Dovie akiweka kibao, mimi simo, alisema Sajini. Bia yangu nitanywea zizini.

Shemasi alipuliza kahawa yake, ingawa ilikuwa imeshapoa. Alitaka kusema, "Mwacheni aweke." Lakini bastola yake mwenyewe ilikuwa kiunoni. Huwa nayo hata anapopitisha sahani ya sadaka, na watu wa benchi humsifu kwa hilo. Aliujua udhaifu wake: sifa za watu hawa wawili zilimnogea kuliko ilivyompasa mtu wa Mungu.

— Lakini wale wenye bastola wanakunywa, alisema kwa sauti ndogo. Nani atajua nani ana silaha na nani ana bia?

— Vikombe, alijibu Wakili papo hapo. Mwenye bastola apewe soda kwenye kikombe cha buluu.

— Wewe! alisema Sajini. Jambazi akiingia si atawapiga wa buluu kwanza?

— Basi wote wapewe buluu.

— Hapo sawa, alisema Sajini. Sasa umefikiri.

— Kwa hiyo hatutajua tena nani ana silaha, alisema Shemasi.

— Harlan, ndugu yangu, usirudi nyuma, alisema Wakili. Hapo tumeshapita.

Sajini alinyoosha miguu. Alikuwa na mpango mkubwa zaidi, na ulionekana usoni mwake kabla hajaufungua.

— Sikilizeni. Tukienda kunywa, si huwa tunamwacha mmoja akae bila kunywa ili aendeshe gari? Haya. Tumwache mmoja ashike bastola za wote.

— Zote?

— Zote. Za wateja wote kumi na mmoja. Avae ovaroli, ina mifuko.

— Itamvuka hiyo, Elbert, kwa uzito.

— Afunge kanda mbili za mabegani. Asimame pembeni mwa kaunta. Ugomvi ukianza, kila mtu anamwendea kwa adabu na kuomba ya kwake.

— Kwa mstari?

— Kwa mstari, bwana. Sisi si wahuni.

Wakili aliwaza kwa makini.

— Na awe mtu asiyekunywa kabisa. Mtu mwaminifu. Mcha Mungu.

Wote wawili wakageuka kumtazama Shemasi.

— Mimi baa siingii, alisema Shemasi.

— Hutaingia kama mnywaji. Utaingia kama kabati.

Kabla hajajibu, gari la Tansy liliegeshwa mbele yao. Alishuka na aproni mkononi, macho yamemwiva kwa zamu ya jana.

— Asubuhi njema, wazee. Baba. Dovie ananituma. Anasema mkikubali, kibao kinapanda leo. Mkikataa, anakitupa.

— Mwambie tunalishughulikia, binti, alisema Wakili. Lina pande nyingi.

— Sawa, Mzee Buford. Mimi nina swali moja tu. Wakianza kupigana risasi mle ndani, mimi nisimame wapi?

— Chini ya kaunta, alisema Wakili.

— Kaunta ni ubao mwembamba. Mwaka jana wewe mwenyewe uliugonga kwa goti ukatoboka. Tumebandika kalenda pale.

— Toka kwa mlango wa nyuma, alisema Sajini.

— Umezibwa na friza. Wewe ndiye uliyetusaidia kuisukuma, Mzee Elbert.

Wakili akachungulia ndani ya kikombe chake. Sajini akafunga kamba ya kiatu iliyokuwa imefungwa tayari. Tansy aliwasubiri bila hasira, kama anavyowasubiri wateja wasiojua wanataka kula nini.

— Nilidhani mmeshalizungumza, alisema.

— Tumelizungumza tangu saa moja, alisema Sajini. Hapo ndipo bado hatujafika.

Tansy akamtazama baba yake. Shemasi alitafuta jibu kichwani, akapita kwenye vikombe vya buluu, ovaroli na mstari wa watu wenye adabu, na katika baa ile nzima hakuona mahali pa kumsimamisha mtoto wake. Akaweka kahawa chini, akainuka na kuelekea mlango wa duka.

— Harlan, unakwenda wapi? Hatujamaliza.

— Kununua skrubu.

Wakili alikohoa, akamtazama Sajini, kisha akaita:

— Fupi au ndefu?

— Ndefu, alisema Shemasi, na akaingia ndani.