Mama Vua, Daktari Aliyekataa Kutazama Mkono Peke Yake

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu. Leo tunamkumbuka daktari wa ngozi aliyetutoka Jumanne, akiwa na miaka sabini na minne. Wagonjwa tulimwita Mama Vua. Nasema tulimwita, maana nami nilivua.

Nilimwendea na baka jekundu mkononi. Lina magamba membamba, linawasha, ukilipaka dawa linafifia, ukiacha limerudi. Miaka sita nilitibiwa fangasi. Nikakunja shati hadi kiwiko. Akaniambia nivue nguo zote. Nikajitetea kwamba mimi ni mtu wa redio, hakuna anayenitazama.

"Sauti yako naijua, baba," akasema. "Sasa nataka kuona yaliyobaki."

Mficha uchi hazai. Nikavua. Makalioni, mahali ambapo jua halijawahi kupiga hodi, kulikuwa na mabaka tisa. Ugonjwa wangu hupenda kuanzia huko, chini ya nguo. Mke wangu alikuwa ameyaona. Alidhani ni kiti cha studio.

Daktari akanipiga marufuku kupaka dawa mwezi mzima, kwa sababu dawa zile huuficha ugonjwa usionekane kwenye hadubini. Kisha akakata kipande cha ngozi. Majibu hayakuonyesha kitu. Hakuyaamini. Akamwita mke wangu, akamuuliza taratibu, na mama watoto akakiri: aliniona najikuna, akanihurumia, akawa anaichanganya dawa kwenye mafuta yangu ya kujipaka.

"Mwanangu," daktari akamwambia, "huruma yako inamficha mwizi."

Mwezi mwingine, mkavu kabisa, bila dawa wala mafuta. Kipande cha pili. Safari hii akaniita nichungulie kwenye hadubini. Chembe za kinga, ambazo kazi yake ni kuulinda mwili, zilikuwa zimepanda hadi tabaka la juu la ngozi, zimejipanga mstari kama zinasubiri mshahara. Limfoma ya ngozi. Narudia: limfoma ya ngozi, saratani adimu inayojifanya ukurutu. Yangu ilikuwa bado ya juujuu. Ingeachwa, ingeweza kuwa uvimbe, ikaingia kwenye tezi na damu. Niliogopa, wasikilizaji, sitawaficha. Nikatibiwa kwa mwanga, nimesimama ndani ya kabati la taa, nimevaa miwani na aibu yangu.

Binti yake ananiambia kwamba siku ya harusi mama alimvuta bwana harusi kando, akamkagua shingo. "Aliporidhika kwamba ni ukurutu tu," anasema, "ndipo akalia machozi ya furaha."

Kwa mume wake, binti yake na wauguzi wake, poleni sana. Miaka kumi na mmoja niliyowaamsha asubuhi, ninyi mnaonisikiliza, ni yeye aliyenipa. Nawe msikilizaji, ukioga leo, mwombe mwenzio akutazame mahali usipopaona.

Alhamisi ni zamu yangu ya kupimwa. Daktari ni mwingine, hanijui. Nitavua bila kuambiwa.