Mkono Hauinuki Mpaka Wanne Wote Waelewe

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Afisa Elimu, Mwalimu Mkuu, walimu wetu, wazazi mliokaa na mliokosa viti, na wewe fundi seremala uliyesimama mlangoni na bolti mfukoni: sisi wanafunzi wa Darasa la Nne tunawaamkia nyote, shikamooni.

KARIBU KWETU

Mheshimiwa, tumefurahi kukuona, na tunasema hivyo kwa moyo mmoja ingawa tunajua kilichokuleta. Lori la madawati mapya liko uwanjani tangu asubuhi. Tumekwenda kuyachungulia. Ni mazuri kweli, yananukia vanishi, na kila moja ni la mtu mmoja. Risala nyingi husomwa ili kuomba madawati. Hii yetu itabidi utuvumilie.

TULIKOTOKA

Mwaka jana tulikaa kwa mistari, kila mtu akitazama kisogo cha mwenzake. Mwenzetu mmoja, tunayemwita Profesa, alikuwa anamaliza hesabu kabla mwalimu hajaweka chaki chini. Kisha alilifunika daftari kwa mkono mzima, kuanzia kiwiko mpaka vidole, asije mtu akachungulia. Alijua kila kitu isipokuwa majina yetu. Wakati wa mapumziko alikaa ukutani peke yake, nasi tukasema anaringa. Baadaye alituambia kwamba hakuna aliyewahi kumwita acheze.

Kisha akaja mwalimu wetu wa sasa. Siku ya kwanza alivua koti, akatuambia tuunganishe meza, tukae wanne wanne tukitazamana. Kila mmoja akapewa kazi: wa kusoma, wa kuandika, wa kuuliza na wa kuangalia saa. Akaandika sheria moja ukutani, juu ya ubao, na mpaka leo haijafutwa: mkono hauinuki mpaka wanne wote waelewe. Mikono ikiinuka, yeye ndiye anayechagua nani ajibu, na ana macho huyo! Humchagua yule aliyejificha nyuma ya mwenzake.

Profesa alipangwa Meza ya Tatu pamoja na mapacha wa fundi viatu na msichana tunayemwita Konokono, ambaye alikuwa akisoma neno moja, anapumzika, kisha analirudia. Wiki ya kwanza Profesa alikasirika mpaka machozi yakamtoka.

"Mwalimu, mimi nimeshamaliza!"

"Wewe umemaliza. Meza yako je?"

"Meza yangu ina Konokono!"

"Basi kazi unayo," mwalimu akasema, akaenda zake.

Konokono alisikia. Darasa zima lilisikia. Hakulia, alimgeukia akamwambia, "Wewe unanieleza kama unafukuza mbuzi. Hebu anza upya, taratibu."

Profesa akaanza upya, akakwama. Jibu alikuwa nalo, lakini njia ya kulifikia hakuwahi kuitazama. Aliona haya, halafu akacheka, na hapo ndipo sisi tulipoyaona meno yake kwa mara ya kwanza. Hesabu ilikuwa ya sehemu, basi wakachana karatasi vipande vinane, wakavipanga kwa vidole mpaka kengele ikalia.

TULICHOVUNA

Siku hizi Konokono anasoma ukurasa mzima bila kupumzika njiani. Profesa ndiye golikipa wetu. Ni mbovu sana, ila hatumbadilishi. Ugomvi nao umepungua, maana ni vigumu kumpiga ngumi mtu ambaye saa nne utahitaji akueleze kugawanya.

CHANGAMOTO

Ni moja tu, na Mheshimiwa umeshaisoma kwenye barua ya msimamizi wa mtihani. Siku ya mtihani tulitenganishwa, kila mtu na meza yake, na hatukulalamika. Ilipopita nusu saa msimamizi akasema, "Aliyemaliza anyooshe mkono." Profesa alikuwa amemaliza kitambo. Akamtazama Konokono, akaona bado anaandika, akaikalia mikono yake yote miwili. Msimamizi akarudia. Baadaye mikono ikaanza kuinuka minne minne, mmoja dirishani, mmoja mlangoni, miwili katikati, na ya mwisho kabisa ikawa ya Meza ya Tatu.

Msimamizi akaandika kwamba tuna ishara za siri. Hatumlaumu, hata sisi tungeingiwa na hofu. Lakini hatukupeana jibu hata moja. Tulisahau tu kwamba siku ile hatukuwa kwenye meza zetu.

Sasa matokeo yamezuiliwa, na madawati ya mtu mmoja mmoja yatafungwa kwa bolti sakafuni. Profesa anasema kosa ni lake. Juzi alimuuliza mwalimu, "Nikikaa peke yangu tena, si nitarudi kuwa vile?" Mwalimu wetu akageuka, akaanza kufuta ubao uliokuwa mtupu. Mheshimiwa, jambo hilo limetuumiza kuliko barua ile.

MAOMBI

Tunaomba turudie mtihani, kwa maswali mapya na msimamizi yule yule, hata uwanjani, kila mtu mbali na mwenzake. Safari hii tutanyoosha mkono kila mtu kwa wakati wake. Tumeshafanya mazoezi, ingawa Profesa alipoinua wa kwake aliomba msamaha.

Madawati tunaomba wapewe Darasa la Kwanza, ambao wanakaa chini. Wasifungiwe bolti, wakikua watataka kuyasogeza.

Na kabla hujampa fundi ruhusa, tunakuomba ukae Meza ya Tatu kwa somo moja. Pacha mmoja amekubali kukupisha, na kazi yako itakuwa kuangalia saa.

Mungu akupe afya, akurudishe salama kwa watoto wako, nao wapate wa kuwasubiri.

Mheshimiwa, anayekusomea risala hii ndiye Konokono. Alichaguliwa kwa kura, na aliyempigia kampeni ni Profesa. Kama kuna mahali hukuelewa, uliza, tutakueleza upya, taratibu. Kama umetuelewa, tafadhali nyoosha mkono. Mikono yetu bado iko mezani. Hatuna haraka, tunakusubiri.

Ni sisi,
Wanafunzi wa Darasa la Nne,
Meza ya Kwanza mpaka ya Kumi.