Kofi la Mwomboko

Treni ikikaribia Ruiru, Nafuna alimsikia kijana wa kiti cha mbele akimwambia mzee asiyemjua, "Nilimpiga msichana wangu Waceke kofi. Alicheza ngoma ya mwomboko na kijana mwingine, na wenzangu niliotahiriwa nao wakaniita kihii, mtoto asiyetahiriwa. Ndipo nikampiga."

"Wewe ulikasirika?"

"Hapana, mzee. Nilikuwa nafurahi kumtazama. Anacheza vizuri."

"Basi mwambie hivyo. Umwombe msamaha."

"Anauza ndizi hapo steshenini Ruiru, na wenzangu hao hukaa palepale."

"Hata mimi ningeogopa," mzee alikiri.

Treni ikasimama. Nje, vijana watatu walimwona kijana dirishani, wakampigia mbinja. Kando yao, Waceke, mbele ya ndizi zake, hakuinua macho. Kijana akavua kofia, akasita mlangoni. Abiria walipoanza kusukumana, Nafuna, aliyekuwa nyuma yake, alipanua viwiko, ili kijana ashuke kwa hiari yake, si kwa kusukumwa.