Sahani Arobaini za Mzee Kipande

Baada ya miaka thelathini na minne katika chumba cha mashine cha sinema yetu, Mzee Kipande anastaafu tarehe 30 Juni. Muda wote huo hakuchelewa hata siku moja, wala hakukubali kukalia kiti chenye mto. Alisema mto humletea usingizi.

Kila mwisho wa mwaka huonyesha filamu yetu kongwe ya vichekesho, ile isiyo na sauti. Mhudumu wa mgahawa anapanda ngazi na sahani arobaini. Tajiri wake ameshamwonya kwamba ikivunjika moja tu, kazi hana, na yule mpishi anayempenda amsahau. Juu kabisa anakanyaga sabuni, sahani zinaruka, na hapo mkanda unaishia. Miaka yote hiyo watu wamekwenda zao nyumbani sahani zikiwa bado hewani.

Mwisho wa filamu hiyo aliukata Mzee Kipande mwenyewe. Katika wiki yake ya kwanza aliagizwa kukata mkanda chakavu na kuunga vipande vyake kwenye mikia ya filamu nyingine, yaani miisho yake, ili zisikwaruzike. Akachukua kopo la mkanda silo. Alipogundua, filamu zile zilikwishatawanyika katika majumba mengine ya sinema. Alikwenda kukiri kwa meneja, akaambiwa asijali, ni vichekesho tu. Yeye alijali. Tangu hapo kila filamu iliyopita mikononi mwake aliikagua mkia akitafuta kipande, na ndiyo asili ya jina lake. Tulimtania sana, na mimi mkagua tiketi nilikuwa kinara.

Kipande cha ishirini na mbili, cha mwisho, kilirudi Machi mwaka huu nyuma ya tangazo la dawa ya viatu. Aliviunga vyote kimyakimya, na Jumamosi iliyopita akaonyesha filamu nzima.

Ukumbi ulijaa hadi kwenye ngazi. Mkewe, aliyeuza tiketi dirishani miaka yote hiyo, alikaa mstari wa mbele. Sabuni ikakanyagwa, sahani zikaruka, na safari hii taa hazikuwashwa. Mhudumu alidaka kwa mikono, kwa magoti, kwa kofia, na ya thelathini na tisa kwa meno. Ya arobaini ilitua juu ya upara wa tajiri, ikatulia, nzima. Mpishi akaja mbio na kumkumbatia mhudumu pamoja na sahani zake zote.

Tulisimama tukapiga makofi hadi viganja vikawaka moto. Nililia, sifichi. Makofi yalipotulia, mkewe aligeuka akatazama juu kwenye kitundu cha mashine, akasema, “Hata moja haikuvunjika, baba watoto.”

Asante, Mzee Kipande, kwa kutumalizia kicheko chetu. Tunakuombea afya, furaha na usingizi wa kutosha, sasa kwenye mto. Na ukiambiwa uoshe vyombo nyumbani, usisingizie mikono: tumeshaona unavyozitunza sahani.