Emong, Ndege Mbili na Koki Moja

Baada ya miaka thelathini na moja ya kuruka peke yake, Rubani Silver Emong anastaafu Ijumaa hii, tarehe 30 Oktoba. Ofisi ilitafuta mtu wa kuandika wasifu wake, na wenye digrii wote wakakumbuka ghafla kwamba wana kazi. Basi imeniangukia mimi, Bwire wa kujaza mafuta, mzaliwa wa Busia, niliyeachana na shule kidato cha pili kwa makubaliano ya pande zote mbili. Msiwe na wasiwasi. Hakuna anayemjua mzee huyu kunishinda, maana maganda ya karanga anayoacha chini ya kiti chake nayafagia mimi.

Emong ni mtu wa Mella. Alifika kwenye kiwanja chetu cha nyasi hapa Tororo akiwa na nywele, picha ipo. Tangu siku hiyo kazi yake ni kupeleka chanjo Arua na Kaabong ndani ya kasha la barafu, na kurudi siku hiyohiyo. Viti vya abiria hutolewa ili mzigo uingie, kwa hiyo hana wa kupiga naye soga ila injini, na huizungumzisha Kiteso njia nzima. Huko aendako petroli ya ndege ndogo haipatikani. Ndege yetu lazima iende na kurudi kwa mafuta ya Tororo, tena mbio, kabla barafu haijawa maji.

Safari moja alivusha gurudumu la ndege mpakani Busia juu ya baiskeli. Mkaguzi akalitazama, akasema hilo ni la toroli. Emong akakubali, ila akamwambia toroli hilo hufika Arua kabla ya chai ya saa nne.

Mwaka huu ndege yake ilichoka kabla yake. Bosi wetu, Mama Florence, akampa kazi ya mwisho: achague nyingine, atakayoirusha Akullo, rubani kijana anayechukua nafasi yake. Zikaletwa mbili za kujaribu, zote za injini moja ya pistoni. Nyeupe ilikunja magurudumu tumboni kama kuku aliyelala, na skrini zake zilimeta kama za ukumbi wa mpira. Buluu haikunji kitu, sura yake ya kawaida tu, ila tenki zake kubwa. Mimi nilikuwa wa nyeupe, na soko zima la Tororo nililitangazia.

Emong aliikagua nyeupe kama dume la kulimia. Akaizunguka, akatazama miguu, akauliza inakunywa kiasi gani. Akairusha, akarudi anacheka peke yake. "Hii ndiyo. Chukua," akasema, na Mama Florence akampigia muuzaji.

Mke wake, Mama Atai, alikuwa ameleta chakula siku hiyo. Akamuuliza taratibu, "Baba Atai, kwetu dume la jembe linajaribiwa na nani?"

"Na atakayelima nalo."

"Na wewe mwezi ujao unalima wapi?"

Mzee aliacha kutafuna. Akamwita Akullo, akamkalisha ndani ya nyeupe, mkanda umefungwa. Mafuta ya ndege hizi hukaa kwenye mabawa, na rubani hubadilisha tenki kwa koki. Ukichelewa, injini inazima huku bawa la pili limejaa. Koki ya nyeupe iko ukutani, mbele ya goti la kushoto. Mkono wa Emong, mrefu kama mwiko wa arusi, huifikia bila jasho. Akullo, ambaye sisi humwita Nusu Lita, alinyoosha mkono mpaka uso ukakunjamana. Akaifikia baada ya kufungua mkanda.

"Ukiwa Karamoja, mawingu yanakurusharusha, utafungua mkanda?"

"Nitafungua tu, Mzee."

"Hapana."

Akaenda ofisini kurudisha neno lake, jambo ambalo sijawahi kumwona akifanya. Mama Florence hakufurahi. "Lakini Mzee, ulishasema ndiyo."

"Nilisema kwa mkono wangu," akajibu. "Mkono wangu unastaafu."

Tukachukua buluu, koki yake iko katikati ya viti. Kufika Arua inachelewa kidogo, tukaongeza barafu. Siku Akullo alipoipeleka peke yake mara ya kwanza, Mzee alizunguka kiwanja mchana kutwa akidai anakagua nyasi. Mimi sijawahi kuona nyasi zikikaguliwa na mtu anayetazama juu. Buluu ikatua. Nikapima tenki kwa kijiti: mafuta yalitosha kwenda Mbale kusalimia na kurudi, na mengine kubaki. Mzee akasema, "Nyasi ziko sawa," akaomba karanga.

Mzee Emong, kwa chanjo zote zilizofika zikiwa baridi, na kwa Akullo anayerudi nyumbani, asante. Ijumaa baada ya hotuba atakurusha juu ya Mella ili Mama Atai akupungie akiwa uani, kama alivyozoea. Kiti cha abiria, ambacho nimekuwa nakikalia kwenye kibanda cha mafuta, nimekirudisha, na mafuta ya chapati nimeyapangusa. Uishi vizuri, shamba likupokee, karanga zisikuishie. Huko juu zungumza na Akullo, injini ipumzike. Funga mkanda. Na koki usiiguse, Mzee. Mkono wako umestaafu.