Sufuria ya Upande B

Benchi letu liko nje ya kinyozi, na kinyozi ni mimi, kwa hiyo anayetaka kubishana nami akumbuke kwanza nani ameshika wembe. Ni benchi la chuma, kalichomelea Distoshi kwa mkono wake, na mguu mmoja akaukata mfupi. Mtu wa mwisho huku akiinuka ghafla, wa mwisho kule anakwenda chini bila kupenda. Kila Jumapili asubuhi, kabla wateja hawajaamka, tunarekodi podikasti hapo hapo. Tunaongelea vibao vya roki vya miaka ya tisini, ile roki ya magitaa yanayokwaruza na vijana wenye nywele usoni, maana enzi hizo wenzetu walipokuwa wanacheza muziki wa watu wenye akili, sisi wanne tulikuwa na bendi ya makelele, na mpaka leo hatujamwomba mtu radhi. Distoshi alipiga gitaa, na jina kalipata kwa ile mikwaruzo yake. Sasa anachomelea mageti. Besi alipiga besi. Sasa ni fundi cherehani, mrefu, mzito wa kusema. Rewaindi aliimba, sasa anatengeneza simu, na hadithi yake yoyote ukiikatiza anairudisha mwanzo. Mimi nilipiga ngoma. Wasikilizaji wetu wote wanaenea kwenye benchi hili na nafasi inabaki.

Basi Jumapili hiyo simu ya Rewaindi ilikuwa imevalishwa soksi ya kuzuia upepo, imeegemezwa kwenye chupa ya kahawa. Besi amepakata suti nyeusi ya Distoshi, anapinda suruali kwa sindano ya mkono. Mimi nikakohoa kitangazaji.

MIMI: Karibuni tena, wapenzi wa makelele. Leo tunaamsha kibao kikubwa kuliko vyote, kibao chetu cha upande B, maarufu kwa jina la Sufuria...

DISTOSHI: Zima.

MIMI: Ndiyo kwanza nimefungua mdomo!

DISTOSHI: Zima hiyo simu, jamani. Mimi nina makubwa.

Rewaindi akapenyeza kidole ndani ya soksi, akapapasa, akasema tayari imezimwa.

DISTOSHI: Binti yangu anaolewa Jumamosi.

BESI: Tunajua. Hii hapa suti.

DISTOSHI: Jana kaniambia ana zawadi ya kutushtukiza, mimi na mama yake. Tukiingia ukumbini, tunaingia na wimbo wetu. Wimbo gani? Sufuria.

REWAINDI: Aisee! Hongera!

DISTOSHI: Hongera ya nini? Wewe unajua huo wimbo unasema nini?

Hapo kila mtu akakiangalia kikombe chake. Niwaeleze mnaotusikia kwa mara ya kwanza. Wimbo ule tuliunasa redioni kwa kaseti, upande B, Besi kaishika tepurekoda kwenye spika ya redio ya kwao. Mtangazaji alipofika kwenye jina la wimbo na jina la bendi, mama yake Besi akapiga chafya. Kwenye kaseti, bendi ile inaitwa chafya. Mwishoni wakaukata kwa taarifa ya habari. Katikati, mwimbaji anapasua koo kwa Kiingereza cha ndani kabisa, na kwenye kiitikio tunasikia kitu kimoja tu kilichonyooka: "Ooo, sufuria! Ooo, sufuria!" Ndivyo tulivyouimba jukwaani miaka yote, kwa uchungu mkubwa, na watu walilia.

MIMI: Sasa tatizo liko wapi? Watoto wa siku hizi hawasikilizi maneno.

DISTOSHI: Mama mkwe wa binti yangu ni mkalimani.

MIMI: Mkalimani wa nini?

DISTOSHI: Wa Kiingereza! Kazi yake ni hiyo, kukaa kwenye mikutano ya wakubwa na kutafsiri papo hapo. Mama yule hata akisikia kibao cha dukani anatafsiri, hajizuii. Na Jumamosi anakaa meza ya mbele.

REWAINDI: Si umwulize yeye basi, kiungwana tu?

DISTOSHI: Nimwulize nini? "Mkwe, samahani, huu wimbo niliomtongozea mke wangu una maana gani?"

BESI: Kwani wewe ulimwambia shemeji una maana gani?

Distoshi, mtu mzima, mikono imejaa makovu ya cheche, akaanza kuvuta uzi kwenye suti mapajani kwa Besi, na Besi akampiga kofi mkononi.

DISTOSHI: Ilikuwa siku ya kwanza amekuja kutusikiliza mazoezini. Akaniuliza, "Hapa anasema nini?" Na mimi Kiingereza changu mnakijua.

MIMI: Tunakijua. Kinaishia kwenye "yes".

DISTOSHI: Nikamwambia, anasema hivi: "Nenda utakako, chelewa utakavyo, taa ya barazani siizimi mpaka nisikie viatu vyako."

BESI: Loo!

REWAINDI: Ulitoa wapi maneno hayo?

DISTOSHI: Sijui! Yalikuja tu! Akaniangalia, na kuanzia siku hiyo nikawa na mchumba. Maneno hayo kamwambia dada yake, kawaambia watoto, binti yangu kalelewa nayo. Na Jumamosi mkalimani anakuja kuyatoa hadharani. Ikionekana nilidanganya, mke wangu atauweka wapi uso wake? Jamani, nisaidieni. Yule kijana anasema nini?

Hilo ndilo tatizo la kutuomba msaada sisi: tunatoa.

BESI: Mimi siku zote nilijua. Si sufuria. Ni Sofia.

DISTOSHI: Sofia nani?

BESI: Msichana wake. "Ooo, Sofia." Ni wimbo wa mapenzi, tulia.

DISTOSHI: Nitulie? Mke wangu anaitwa Sofia? Niingie ukumbini nimemshika mke wangu mkono, spika zinamlilia Sofia? Huko ndiko kutulia?

BESI: Mimi nimekupa maana. Matumizi ni yako.

REWAINDI: Hapana, si Sofia. Ngoja niwaambie. Wale vijana mliwaona kwenye picha? Masweta yametoboka, suruali zimepasuka magoti, viatu vimechoka. Mnadhani ilikuwa fasheni? Ilikuwa njaa! Mtu amerudi nyumbani, kafunua sufuria...

MIMI: Sufuria ni Kiswahili, Rewaindi. Yule ni Mzungu.

REWAINDI: Umenikatiza. Wale vijana mliwaona kwenye picha? Masweta yametoboka...

MIMI: Hebu nyamaza, nitawaambia mimi kitaalamu. Wale walikuwa na nywele mpaka kwenye kidevu. Mtu akiinama kwenye maikrofoni, nywele zinaingia mdomoni. Ninyi mnatafuta maana ya maneno, wakati jamaa alikuwa anatema nywele! Angekuja kwangu mara moja tu, nimpunguze hapa mbele, leo tusingekuwa na tatizo.

DISTOSHI: Kwa hiyo Jumamosi nimwambie mkalimani ni nywele?

MIMI: Mwambie. Abishe.

BESI: Nimewaza jingine. Lakini baya.

Besi akisema lina ubaya, linao. Aliweka sindano mdomoni, akaitoa, akatutazama mmoja mmoja.

BESI: Tuseme ni sufuria kweli. Mtu mzima anaililia sufuria wakati gani? Wakati wa kugawana vyombo. Wanaachana hao. Mwanamke kachukua sufuria, kaondoka. Ule ni wimbo wa talaka.

DISTOSHI: Mungu wangu.

BESI: Ndiyo maana besi inashuka vile. Duum, duum, duum. Ni mtu anahamisha kabati.

DISTOSHI: Wimbo wa talaka kwenye harusi ya mwanangu!

REWAINDI: Mimi nimeuimbia simu, mjue. Wanasema ukiiimbia simu wimbo, inakuambia jina lake. Nikajifungia, nikaimba kiitikio chote kwa hisia. Tangu siku hiyo simu yangu inanitangazia vyombo vya jikoni. Mke wangu kakuta, anadhani namnunulia zawadi.

MIMI: Basi hata simu inasikia sufuria. Ushahidi huo.

REWAINDI: Lakini kuna jambo sijawahi kuwaambia.

MIMI: Sema.

REWAINDI: Mnakumbuka ile kaseti iliwahi kuliwa na redio? Utepe ukatoka wote, nikaurudisha kwa kalamu, nikauunga kwa rangi ya kucha ya dada?

BESI: Tunakumbuka.

REWAINDI: Nina wasiwasi niliurudisha umegeuka.

Gari la taka likapita, hatukulisikia.

MIMI: Umegeuka vipi?

REWAINDI: Nje ndani, ndani nje. Labda miaka yote hii tunausikia kinyumenyume.

DISTOSHI: Sasa ukisikika mbele, maana yake inakuwaje?

Rewaindi akafumba macho, akahesabu kitu kwa vidole.

REWAINDI: Anairudisha sufuria.

Besi akapiga paja kwa furaha, sindano ikamwingia. Akaruka, akaapa, lakini uso unamwaka.

BESI: Wanarudiana! Si talaka tena! Distoshi, umepona!

DISTOSHI: Nimepona nini? Binti yangu hana kaseti yetu! Kaupata wimbo wenyewe mtandaoni, mzima, unaokwenda mbele, na jina lake kanificha mpaka Jumamosi! Mnaniua, ninyi watu. Nilikuja na ugonjwa mmoja, sasa ninao minne.

Nikataka kumcheka, lakini macho yake yalikuwa mekundu, na haukuwa wekundu wa moshi wa kuchomelea. Nikammiminia kahawa. Akakishika kikombe tu, hakunywa.

DISTOSHI: Hamjui. Mimi si mtu wa maneno. Tangu siku ile sijamwambia yule mwanamke neno lingine tamu. Nitasema nini? Wimbo ulishasema. Hata tukikosana, anasema, "Aa, angalau ulinichagulia wimbo wenye maneno." Nikimnyang'anya hayo, anabaki na nini? Anabaki na mageti.

Ndipo tukasikia viatu. Mkewe huyo, anakata kona ya duka la mikate, mkoba kwapani, amekuja kuchukua suti. Distoshi akakaa wima. Sote tukakaa wima, mpaka benchi likalia.

SHEMEJI: Jamani, salama? Mbona mmekaa hivyo? Nani kafa?

MIMI: Hakuna, shemeji. Tunarekodi.

SHEMEJI: Soksi hiyo ndiyo inarekodi?

REWAINDI: Imezimwa, shemeji.

SHEMEJI: Shemeji Besi, suti tayari?

BESI: Wimbo hausemi taa.

Mtu huyu nguo ya mteja anakaa nayo mwezi mzima, lakini siri hakai nayo muda wa kikombe kimoja cha kahawa. Distoshi alimtazama kwa jicho la kumchomelea mdomo.

SHEMEJI: Nini?

BESI: Nimesema mguu mmoja wa suruali bado.

SHEMEJI: Hukusema hivyo. Baba watoto, kasema nini huyu?

Distoshi akaweka kikombe chini. Akafuta mikono kwenye magoti, ingawa ilikuwa misafi.

DISTOSHI: Mama, ule wimbo. Mtoto anataka kuupiga tukiingia.

SHEMEJI: Najua. Mimi ndiye niliyempa wazo.

DISTOSHI: Hausemi mambo ya taa. Sijui unasema nini. Sijawahi kujua. Pale uliponiuliza, niliona haya kusema sijui. Mama mkwe wa mtoto atasikia, atatafsiri, utaaibika. Nisamehe.

Akaeleza yote, mpaka Sofia, mpaka nywele, mpaka kinyumenyume. Shemeji akasikiliza amesimama. Distoshi alipofika kwenye kurudisha sufuria, mdomo ukamcheza shemeji kidogo, akauzuia.

SHEMEJI: Kwa hiyo wimbo hausemi taa hata kidogo?

DISTOSHI: Hausemi.

SHEMEJI: Nilipokuwa zamu ya usiku kiwandani, nikirudi taa ya barazani inawaka. Kila siku. Umeme ukipanda bei, inawaka. Tumenuniana hatusemeshani, inawaka. Nikawa najisemea, mume wangu jamani, kaushika wimbo wa watu kama kiapo.

DISTOSHI: Ndiyo.

SHEMEJI: Sasa kama wimbo hausemi, yale maneno ni ya nani?

Nakuambia, wanaume wanne pale, wenye nadharia za kila kitu chini ya jua, kila mmoja akajitafutia kazi. Rewaindi akatazama soksi. Besi akatafuta tundu la sindano. Mimi nikainamisha chupa ya kahawa kwenye kikombe changu, likatoka tone moja, halafu hewa. Distoshi alifungua mdomo, akaufunga. Masikio yake yalikuwa yamewiva.

Shemeji akamngoja. Akamngoja tena. Kisha akaichukua suti mapajani kwa Besi, sindano ikining'inia kwenye uzi, akaikunja kwenye mkono wake taratibu.

SHEMEJI: Wimbo upigwe. Mkwe atatafsiri anachosikia. Huo mguu nitaumalizia mwenyewe.

Akageuka, akaondoka. Tulisikiliza viatu vyake mpaka karibu na kona.

DISTOSHI: Ni yangu.

BESI: Nini?

DISTOSHI: Maneno yale. Ni yangu. Ni mimi niliyesema.

MIMI: Sasa unatuambia sisi? Unaiambia soksi?

Akaniangalia. Halafu akainuka mbio, kandambili moja ikabaki, anamwita mkewe kwa jina lake, jina ambalo hatujawahi kumsikia akilitaja hadharani. Aliinuka ghafla mno. Upande wa pili wa benchi, Besi akaenda chini na vikombe vyote.