Elieza Ndahani, Mkalimani wa Boma la Dodoma

Ndugu waombolezaji, mimi ni Yotham, mdogo wake marehemu, na ukoo umenituma niwasomee maisha yake.

Kaka Elieza alizaliwa Ipagala tarehe 4 Juni 1903, akasoma shule ya misheni hadi mwaka 1921, na tarehe 1 Februari 1926 akaajiriwa kuwa mkalimani bomani. Alimwoa Loisi mwaka 1929, wakajaliwa mabinti wawili, Priska na Ruthu.

Mwezi Agosti 1934, Makame wa Miyuji alikamatwa kwa amri ya Bwana Shauri, Mzungu mkuu wa wilaya, kwa kukataa kubeba mizigo ya serikali, ingawa alikuwa anatema damu, na baraza la wenyeji, lililomwogopa Bwana Shauri huyo, likamfunga miezi sita. Mkewe, Bi Stara, alikata rufaa, na aliyeketi kuisikiliza alikuwa Bwana Shauri yule yule, akaitupa kabla chai yake haijapoa. Mwezi uliotangulia mfanyabiashara Jayantilal alikuja na wakili, shauri lake likafika Mahakama Kuu, lakini Bi Stara, kwa kuwa mumewe alihukumiwa barazani, hakuruhusiwa wakili, akaelekezwa kwa Mkuu wa Jimbo, chumba cha pili, naye akamwuliza Bwana Shauri maoni yake.

"Kaka Elieza," Bi Stara alisema, "mtu huyu nimshitaki kwake mwenyewe mpaka lini?"

Marehemu akatafsiri neno kwa neno, Bwana Shauri akamjibu, "Tafsiri sheria, si matusi."

Makame alifia gerezani tarehe 2 Novemba, na siku tatu baadaye kaka Elieza akaagizwa kumsomea mjane barua kwamba rufaa imekataliwa na haki imetendeka. Aliiweka mezani, akasema, "Hiyo isome mwenyewe, Bwana, mimi inanitia kichefuchefu," akafukuzwa papo hapo.

Tangu hapo alilima Miyuji na kuwaandikia watu rufaa bila malipo, nyingi zikakataliwa, na kila jibu lilipofika alitema mate chini ndipo akachukua karatasi nyingine.

Aliugua moyo Desemba 1950, akafariki tarehe 9 Machi 1951, mkono wake ukiwa mkononi mwa Loisi.

Tunawashukuru waganga waliomhudumia, majirani wa Miyuji, na Bi Stara aliyekesha nasi. Makarani wenzake wa boma tunawashukuru kwa jeneza, ingawa siku ile alipofukuzwa mlikuwepo wote, na wote mliinamisha vichwa.

Kaka, pumzika sasa kwa amani.